Shaibu Wawili wa Ndagoni

Mbagala, 6 Mei 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama Mwanahalima, jirani yetu anayekusomea hapo, shikamoo nawe mama, na tafadhali soma yote, usiruke pale ninapomgombeza.

Mimi sijambo, alhamdulillahi. Cherehani inakwenda, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Wewe je? Macho? Binamu Taufiki kanipigia, kasema juzi umempa mbuzi wa Bi Zuena salamu yote mpaka "warahmatullahi wabarakatuh", ukidhani ni shehe. Nimecheka, halafu nikalia.

Baba, daktari niliyemuuliza anasema huo ni mtoto wa jicho. Unatolewa, na kesho yake mtu anarudi nyumbani. Kinachotukwamisha ni kitambulisho tu. Bila hicho huandikishwi bima, na bila bima mimi na sindano zangu sitaweza. Kila mwaka nakuomba uende Kilindoni ukajiandikishe, kila mwaka una sababu: mguu, mvua, msiba wa mtu usiyemjua. Hata laini ya simu huna kwa ajili hiyo hiyo, ndiyo maana tunaandikiana barua kama watu wa zamani. Na simu ya mama, ukiongea humo, Ndagoni nzima inasikia.

Huko ofisini kuna nini unachokiogopa? Wanakupiga picha na kuchukua alama za vidole, basi.

Mwanao,
Kidawa


Ndagoni, 19 Mei 2024

Mwanangu Kidawa,

Marahaba, Mungu akuzidishie. Sisi wazima, ila masika yametuozeshea mihogo. Barua yako imesomwa yote, pamoja na matusi.

Kuhusu mbuzi, nilimjua. Nilikuwa namtania. (Mimi Mwanahalima ndiye ninayeandika, na nasema hakumjua.)

Kuhusu kitambulisho, miaka sabini nimeishi bila kadi. Nani Ndagoni hamjui Mwalimu Shaibu? Niliwafundisha kusoma kwenye ngumbaru, watu wazima na ndevu zao, huyu anayeandika hapa akiwemo, na mwandiko wake mbaya ni aibu yangu. (Mwandiko wangu mzuri. Ubaya kauonea wapi na haoni?) Siendi kusimama foleni nipigwe picha kama mshitakiwa. Macho nimeyatumia vya kutosha.

(Kidawa, mimi nimechoka naye. Nimemwambia twende wote na pikipiki, akanuna siku mbili. Tangu nimjue mtu huyu, hajavuka kwenda bara hata mara moja. Mama yako alipozidiwa, ni mimi niliyevuka naye.) Hayo kaongeza yeye, mimi sikuyasema.

Baba yako,
Shaibu Haruni


Mbagala, 10 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai mwili mzima. Barua hii nimemtumia Taufiki akusomee mkiwa ninyi wawili tu, mama akiwa kwenye mwani. Utaona sababu.

Taufiki alipita ofisini Kilindoni akakuta wamebandika orodha ya wana wa Mafia waliokufa vita vya Kagera. Wanataka kuyachonga majina kwenye jiwe, na ndugu wanaombwa wayahakiki kabla ya mwisho wa Agosti. Akapiga picha akanitumia na kicheko: "Mjomba kafa kitambo, tunamlisha bure!" Maana toka Ndagoni kuna jina moja tu. Shaibu Haruni Ameir.

Nilicheka nami. Kisha nikaacha. Ndagoni aliyekwenda vitani ni mume wa mama Mwanahalima, Shaibu Haruni Suhail, yule mliyekuwa mnaitana somo kwa kuwa jina ni moja. Yeye hayumo. Watu wanasema hakufa, alioa Uganda akasahau kwao, na mama anaishi na maneno hayo tangu sijazaliwa. Kaposwa mara ngapi akajibu "mimi ni mke wa mtu"?

Jina lako limefikaje pale, baba? Ndilo linalokukimbiza ofisini? Niambie ni makosa ya karani, nami nitakwenda mwenyewe wayarekebishe.

Mwanao,
Kidawa


Ndagoni, 27 Juni 2024

Kidawa, mwanangu,

Marahaba. Leo salamu ni fupi. Naandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nene ya magunia, na rula nimeiweka chini ya mstari nisije nikaandika juu ya niliyokwisha kuyaandika. Nimeanza Jumatatu, leo Alhamisi. Taufiki nimemwambia akiifungua nitamlaani.

Karani hakukosea.

Mwishoni mwa mwaka 1978 redio ilikuwa ikiimba vita kutwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kijijini waliojua kusoma tulikuwa wawili, mimi na shehe, na shehe alisoma Kiarabu. Kila jioni naandika ubaoni: TAIFA LETU. Wakubwa zangu wanaitikia kwa pamoja, taifa letu. Niliipenda kazi ile, Wallahi niliipenda. Somo yangu alikuwa akikaa mbele kabisa. Alikuwa amefika herufi M.

Balozi wa nyumba kumi akaja na karatasi ya kuita mgambo. Balozi huyo, Mzee Abubakari, hakujua kusoma. Akanipa mbele ya watu, "Mwalimu, tusomee." Nikaona jina langu: Shaibu Haruni Ameir. Ulimi ukasema: Shaibu Haruni Suhail.

Neno moja, Kidawa. Niliogopa kufa. Nimetafuta sababu nyingine miaka arobaini na mitano, sina. Somo akasimama anacheka, "Kumbe na mimi serikali inanijua!" Ilikuwa miezi mitatu tangu harusi yake. Akaondoka na karatasi ile ile. Kule kambini walimwandika kama karatasi ilivyosema, na wakiita Shaibu Haruni, anaitika.

Mwaka uliofuata ikaja barua nyingine kwa balozi. Nikaletewa tena niisome, Mwanahalima kakaa mkekani mbele yangu. Ilisema Shaibu Haruni Ameir amefariki ng'ambo ya mto Kagera na amezikwa huko. Ningelisoma jina lile, wangeniuliza mbona wewe u hai? Nikasema serikali inawashukuru wananchi wa Ndagoni kwa mchango wao. Watu wakapiga makofi. Mwanahalima naye alipiga.

Barua niliichoma jikoni. Tangu siku hiyo, kwa serikali mimi ni maiti. Akija mtu na daftari la majina, mimi nina homa. Sijavuka bahari kwa kuogopa kuulizwa jina bandarini. Mama yako akafia hospitali ya ng'ambo, mimi nimekaa hapa nasubiri habari. Na kila Siku ya Mashujaa watoto wa shule wanaletwa niwasimulie vita. Nawasimulia niliyoyasikia redioni, Mwanahalima ananiletea chai, na anapita akifuta machozi. Kisiwa chote hiki kwangu kimekuwa chumba kimoja, na yeye yumo humo humo.

Sasa ndiye macho yangu na ndiye mkono wangu. Kila siku nafungua kinywa nimwambie, unatoka upuuzi wa mbuzi. Siwezi, mwanangu. Andika wewe. Itume kwa njia ya kawaida, yeye ataifungua, ataisoma kwa sauti, nami nitakuwa nimekaa pale pale. Nifanyie hilo tu.

Baba yako,
Shaibu


Mbagala, 5 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Taufiki atakusomea hii, na yeye ajue. Kaapa kunyamaza.

Siku tatu sijashika mkasi. Mama yangu alipokufa nilikuwa na miaka sita, na aliyenisuka, aliyenitoa chawa, aliyeniozesha, ni Mwanahalima. Kila Ramadhani wakati wa kufuturu alinishika mikono, "Mwombee somo wa baba yako arudi." Nikawa naomba. Na wewe umekaa pembeni unasema amina! Baba, ulikuwa unasema amina!

Sitaandika. Kinywa kilichosema Suhail bado unacho, kiseme na hili. Usiniandikie mpaka umemwambia.

Kidawa


Ndagoni, 21 Julai 2024

Mwanangu Kidawa,

Asalaam alaykum. Hujambo? Hatujapata barua yako siku nyingi. Hapa wazima, na pweza msimu huu ni wengi mno.

Alhamisi ni Siku ya Mashujaa. Walimu wameomba niwasimulie watoto kama kawaida, nimewajibu naumwa. (Haumwi. Kala sahani mbili.)

Ile barua niliyokuomba, nakuomba tena. Nimejaribu kama ulivyosema. Nimejaribu mara tatu. Jana nilifika mpaka "Mwanahalima, yule somo yangu..." (Kweli alifika hapo. Nikamwuliza ee, kafanyaje? Akaniomba maji.) Andika, mwanangu. Sina pa kutokea.

(Barua gani hiyo? Mzee ana siri nami siku hizi. Kama anatafutiwa mke niambie, nianze kucheka mapema.)

Baba yako,
Shaibu Haruni


Mbagala, 4 Agosti 2024

Baba, na mama unayesoma,

Shikamooni. Hali yangu mniwie radhi, leo siwezi kuieleza.

Mama, bahasha ina jina la baba lakini barua ni yako. Sikutaka kuiandika. Naiandika kwa kuwa nikimsubiri yeye utakufa hujaambiwa, na hapo nitakuwa nimekuficha na mimi.

Mumeo hakuoa Uganda. Shaibu Haruni Suhail alikufa vitani mwaka 1979, akazikwa ng'ambo ya Kagera. Aliyeitwa vitani hakuwa yeye, alikuwa baba. Karatasi ilikuwa na jina la baba, na baba ndiye aliyeisoma mbele yenu. Barua ya msiba pia aliisoma yeye, ndiyo ile mliyoipigia makofi. Kwenye orodha ya Kilindoni mumeo yumo kwa jina la baba, na mwisho wa mwezi huu wanaanza kuchonga.

Baba yuko mbele yako hapo. Mwulize.

Mama, mimi ni damu yake, na wewe ndiye uliyenilea. Ukinikana sitakulaumu.

Mwanao,
Kidawa


Ndagoni, 29 Agosti 2024

Mwanangu Kidawa,

Asalaam alaykum warahmatullahi. Ni mimi Mwanahalima, leo naandika yangu mwenyewe. Ninakula, ninalala kidogo. Mtoto niliyemtoa chawa simkani, kwa hiyo hilo liondoe moyoni.

Barua yako ilifika tarehe tisa. Nilikaa mkekani kama siku zote, yeye kwenye kiti chake, na aliposikia imetoka kwako akavua kofia akaiweka magotini. Nikaanza kwa sauti: Baba, na mama unayesoma, shikamooni. Lakini macho yangu yakautangulia mdomo. Niliyaona yote kabla sijatamka mstari wa pili.

Nikaendelea kusoma, Kidawa. Nikasoma kwamba cherehani ni nzima. Nikasoma kwamba Mbagala kuna joto. Nikasoma kwamba unauliza pweza bado ni wengi. Sauti haikutikisika, mwenyewe nilijishangaa. Nikaikunja. Akaniuliza, "Imekwisha?" Nikamwambia imekwisha, kwani ulitegemea nini? Akasema hapana, hapana, akaivaa kofia yake.

Kesho yake maji yalipokupwa nikaenda kwenye mwani mbali na wenzangu, nikalia mpaka sauti ikakauka. Nilimwuliza shehe habari ya eda. Kanihesabia kwa vidole, kasema eda yangu ilianza siku mume wangu alipokufa na ikaisha miezi minne na siku kumi baadaye. Iliisha mwaka ule ule. Mimi nikiwa napika, nafua, nachungulia barabarani, nilikuwa nimeshakuwa mjane na nimeshamaliza kuwa mjane, na sina habari! Nilikuwa na miaka ishirini, Kidawa. Mama mkwe wangu alikufa akimlaani mwanawe kwa kuwatupa. Baba yako alikuja kumzika, akashika jeneza.

Nilitaka kumlaani na mimi. Nikakuta hata jina lake siwezi kulilaani, maana ni la mume wangu.

Jumatatu iliyopita nikapanda pikipiki ya Taufiki mpaka Kilindoni. Nikawaambia Ameir yu hai, yuko Ndagoni, mbishi, chakula nampelekea mimi. Shehe na watu wazima wawili wakanishuhudia, nikatia saini. Wamekata Ameir, wameandika Suhail. Nililisoma jina lile pale ubaoni mara nne, herufi kwa herufi. Khitma tutaisoma ukija.

Baba yako naye sasa anaweza kuandikishwa. Nimemwambia jina lake halina tatizo, keshokutwa anakwenda kupigwa picha. Safari hii hakununa. Anajiuliza jina lake limepitaje, namwona anavyojiuliza, na hathubutu kuniuliza. Kila meli ikifika anasema barua ya Kidawa haijaja? Namwambia bado. Juzi alianza tena, "Mwanahalima, yule somo yangu," nikasimama nikaenda kutazama chungu ambacho hakikuwa jikoni. Chakula nampelekea kama kawaida, na chai ina sukari.

Wewe mkatie bima upesi, uje umchukue, umvushe hiyo bahari. Usimwandikie lolote. Barua yako ninayo. Wakishamtoa huo mtoto wa jicho akarudi anaona, nitamwekea kiti pale pale, nimpe aisome yeye mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno kama lilivyoandikwa. Mimi nitakaa mkekani nisikilize.

Mama yako,
Mwanahalima