Akina Aubin wa Kerlaouen

Paris, 11 Januari 1931

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekubali kupanda ngazi za kanisa bila kukupigia kelele. Sisi hatujambo, ila baridi ya Paris mwaka huu haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi.

Tumbo la Odette limeshuka. Mkunga anasema katikati ya Februari. Yeye mwenyewe anasema ni leo, kila siku ni leo, na mimi kila siku naikimbilia kofia yangu. Dukani kazi ipo. Watu wameufungua mwaka na saa zilizosimama, wananiletea mimi niwape muda.

Sikuulizi habari za yule mzee wa nyumba hiyo. Ni mwaka wa kumi na moja tangu niache udaktari Rennes nikaja huku kufungua matumbo ya saa, na aliposema hana mwana alisema mbele ya watu, sokoni. Lakini kama unataka kuniandikia kwamba anakohoa au hakohoi, kalamu ni yako.

Msalimie kila anayeniulizia.

Mwanao,
Hervé


Kerlaouen, 19 Januari 1931

Mwanangu Hervé,

Marahaba. Sisi wazima, goti ndilo halitaki kusikia. Mpe pole Odette, mwambie asinyanyue ndoo, na wewe uache kukimbilia kofia, mtoto hazaliwi kwa kofia.

Mzee hakohoi. Ana miaka sabini na mmoja na bado anapanda baiskeli kwenda kwa wagonjwa, akirudi ananiambia mimi ndiye niliyezeeka.

Habari kubwa ya hapa ni Meya Prigent. Anataka jiwe la marumaru ukutani pa ofisi yake, lenye majina ya watu mashuhuri wa Kerlaouen. Na mashuhuri wetu unawajua, wote ni Aubin. Padri Aubin, aliyebaki na wagonjwa wa tauni bwana wa ngome alipokimbia. Aubin mfua kengele. Nahodha Aubin, aliyewarudisha mabaharia arobaini nyumbani bila meli. Mwalimu Aubin. Halafu Daktari Aubin, baba yako, kwa ile homa kubwa ya baada ya vita. Kazi ya kunakili tarehe kutoka vitabu vya kanisa nimepewa mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, maana yake hakuna mwingine wa kuifanya bure. Nashinda kanisani, ukuta kwa ukuta na nyumba ya mifupa ya wafu, wale wazee wote wanne wako humo kwenye visanduku vyao vya mbao, mafuvu yanachungulia kwenye vile vitundu. Nimewazoea. Nikiingia nawasalimu.

Baba yako anasema ni upuuzi, mtu hai haandikwi kwenye jiwe. Lakini Jumamosi nimemkuta anayapunguza masharubu.

Desturi si unaikumbuka? Aubin ni mmoja kwa wakati mmoja. Akifa, mvulana anayefuata kubatizwa analirithi jina, lisilale nje. Ndiyo maana wewe ukapewa Hervé, ukalia siku tatu.

Nikuambie na hili. Juzi saa ya ukutani ilisimama. Baba yako akaitazama mpaka supu ikapoa, akasema, "Nasikia kuna watu wanaisomea kazi hii huko Paris." Kwa mtu kama yule hiyo ni hotuba.

Mama yako


Paris, 8 Februari 1931

Mama,

Shikamoo. Odette hajambo, amekuwa mkali, kwa hiyo hajambo sana. Wewe na goti lako mnaendeleaje?

Ile sentensi ya baba nimeisoma mara tano. Nikamsomea Odette, akasema, "Huyo mzee anakuita, wewe ni kiziwi?" Nikatoka nje nikatembea mpaka mtoni nikarudi. Mama, nimechoka na ugomvi huu. Nataka mwanangu awe na babu.

Basi sikiliza, na ufunge mdomo. Akiwa mvulana tutamwita Aubin. Ubatizo ni Jumapili ya tarehe moja Machi, siku ya Mtakatifu Aubin mwenyewe. Pasaka tunakuja Kerlaouen, nitambeba mtoto mpaka mezani kwa baba, nimweke magotini pake, niseme: huyu naye ni Aubin, mkatae na huyu. Nitaiona sura yake.

Najua utaniletea habari za Aubin mmoja kwa wakati mmoja. Hayo ni mambo ya bibi zetu, Mama. Wakiwa wawili dari itaanguka? Usimwambie yeye wala jirani yeyote. Nataka iwe zawadi ya ghafla.

Mwanao,
Hervé


Kerlaouen, 20 Februari 1931

Mwanangu,

Hamjambo? Telegramu yako imefika jana, mvulana, kilo tatu na nusu. Nimelia mpaka nikajionea aibu. Mwambie Odette ahsante, mwambie nampenda. Sasa kaa chini usome pole pole.

Usimwite Aubin.

Kitabu cha ubatizo kinakaa kabati la kushoto, cha vifo kabati la kulia. Padri mmoja hufungua hiki, mwingine hufungua kile, na toka enzi za tauni hakuna aliyewahi kuviweka pamoja mezani. Nimeviweka mimi, kwa sababu jiwe la Prigent linataka tarehe mbili kwenye mstari mmoja.

Siku aliyokufa Padri Aubin ndiyo siku aliyobatizwa mfua kengele. Siku aliyokufa mfua kengele ndiyo aliyobatizwa Nahodha. Na kwa Nahodha hivyo hivyo, na kwa Mwalimu hivyo hivyo. Utasema, ndiyo desturi hiyo, mzee anakufa, mtoto anarithi. Nami nilisema hivyo, mpaka nikaona kwamba mapadri waliandika na saa. Ubatizo asubuhi. Kifo jioni. Mara zote nne, Hervé. Tumekuwa tukisema mzee amekufa basi mtoto apewe jina. Vitabu vinasema mtoto alipewa jina, ndipo mzee akafa.

Hawakuwa wagonjwa. Mwalimu alikuwa juu ya ngazi anapogoa mitofaa. Akashuka, akakaa, akauliza, "Wameshamwita?" Padri ameliandika swali hilo kwa sababu lilimshangaza. Hakujua kwamba padri aliyekuwa kabla yake ameliandika hilo hilo kwa Nahodha, neno kwa neno. Na usiniambie Paris ni mbali. Mwalimu mwenyewe alibatizwa Brest, kwa ndugu za mama yake, na Nahodha alikuwa hapa mlangoni pake anashona wavu.

Akina Aubin wengine wamejaa Ufaransa nzima, hao hawatuhusu. Huyu wako ni damu ya hapa.

Nimevirudisha vitabu makabatini. Sijamwambia mtu. Prigent atacheka, na padri atanigombeza kwa ushirikina mbele ya wanawake wote. Wewe mwite Lucien, mwite Marcel, mwite jina la mbwa ukitaka. Ugomvi wenu utakwisha kwa njia nyingine. Mimi nimeishi na mtu huyu miaka arobaini na miwili, kiburi chake nakijua kuliko mfuko wangu wa aproni, na bado namtaka.

Goti limenigomea kabisa, kwa hiyo barua ataipeleka posta baba yako, anapita huko kumwona mgonjwa. Bahasha nimeibandika vizuri. Nijibu siku hiyo hiyo.

Mama yako


Paris, 26 Februari 1931

Mama mpenzi,

Shikamoo. Ni kimya gani hiki? Tangu telegramu sijapata hata mstari. Nadhani goti, au Prigent amekuzika kwenye vitabu. Odette ananyonyesha na kunigombeza kwa wakati mmoja, hajambo. Mtoto ana masikio ya baba, makubwa, maskini.

Umemwambia, wewe! Nilikukataza, ukamwambia, na nimekusamehe. Jumanne nimeletewa bahasha, naitazama, ni mwandiko wa cheti cha dawa. Nakunakilia yote, si mengi:

"Hervé. Nimepata habari kwamba mtoto atapewa jina langu. Mpe. Usiahirishe, na usisikilize ushauri wa mtu yeyote, hata wa mama yako. Niandikie ubatizo ni saa ngapi. Baba yako."

Baba yako! Kaandika mwenyewe. Nililia dukani, mteja akadhani saa yake imekufa. Nimemjibu hapo hapo kwamba ni Jumapili saa nne asubuhi, na kwamba Pasaka tunakuja wote watatu.

Sijui kwa nini anataka saa. Labda ataenda kanisani huko naye asali wakati huo huo. Mama, nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Mwanao,
Hervé


Kerlaouen, 2 Machi 1931

Hervé,

Leo sikupi salamu. Soma.

Baba yako amefariki jana jioni. Niliandika barua tarehe ishirini kukuambia usimpe mtoto jina lile, na sababu zake, na barua hiyo hukuipata kwa sababu baba yako aliifungua kwa mvuke wa birika, akaisoma mara mbili, akaitia jikoni ikaungua. Kila mtoto wa damu ya hapa akibatizwa Aubin, popote alipo, aliyemtangulia hufa siku ile ile kabla ya usiku. Niliyaona vitabuni. Hukujua, kwa hiyo hukumuua wewe. Lishike hilo, usije ukaliachia.

Barua yako ya furaha ilifika juzi Jumamosi saa nane mchana. Ndipo nikaelewa. Nikamfuata kwenye chumba chake cha dawa, ananawa mikono, nikamwekea mbele. Hakukana. Aliniambia, "Soazig, nimetupa miaka kumi na moja kwa kiburi. Mtoto amenifungulia mlango mwenyewe, nami niufunge kwa sababu ya woga?"

Nilivaa kofia yangu ya lesi nikaburuta goti mpaka posta nikutumie telegramu. Hakunizuia. Posta hufungwa saa kumi na mbili. Nilikaa kwenye benchi pale tangu saa tisa na fomu mkononi, na karani akaniuliza mara tatu kama nataka kalamu. Halafu nikarudi nyumbani na fomu tupu. Hilo nalibeba mimi.

Jana alikula vizuri. Alinyoa. Alienda misa ya saa nne akakaa mbele. Jioni alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, anapanga magazeti, akanyanyua kichwa akauliza, "Wameshamwita?" Sikuwa nimemwambia neno hilo, Hervé, ila lilikuwa kwenye ile barua, labda alilisoma humo. Nataka kuamini alilisoma humo. Nikamwambia ndiyo, tangu asubuhi. Akasema, "Vizuri." Nilipotia kuni na kugeuka alikuwa ameondoka.

Nilipanga kukuandikia barua nyingine kabisa. Moyo wa mzee, usingizi, hakuumia. Ningekufa na siri yangu.

Leo saa sita Goulven mwokaji na mama mkwe wake wamekuja matangani na mkate wa siagi. Mkewe alijifungua mvulana Jumamosi, walikuwa wanamwita Lucien. Goulven akanishika mikono miwili mbele ya watu wote. "Mama Soazig, usilie sana," alisema. "Jina halikulala nje hata usiku mmoja. Tumembatiza Aubin asubuhi hii saa tatu."

Watu wakaanza kunikumbatia. Walikuwa na furaha ya kweli, wamenipa kitu kikubwa kuliko vyote walivyo navyo. Wamefanya kama babu zao walivyofanya. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna Aubin mwingine Paris, aliyemtangulia wa kwao kwa siku moja, wewe uliitunza zawadi yako na mimi niliitunza aibu yangu. Neno moja tu ningemwambia Goulven. Mkate huo nilikuwa nanunua kwake kila siku.

Nimekimbilia kwa padri nikamwomba afute. Akadhani ni uchungu wa ujane, akaniwekea mkono kichwani. Maji yakimwagika hayazoleki, amesema, na ubatizo ni maji.

Saa saba nimekutumia telegramu: MTOTO HAJAMBO JIBU UPESI. Saa tisa nimetuma nyingine. Sasa ni saa kumi na nusu, hujajibu. Niko kwenye benchi lile lile. Karani ameacha kuniuliza kuhusu kalamu, amenipa karatasi hii. Labda hamko nyumbani. Labda mmemtoa mtoto kwenye jua, kama huko kuna jua. Baba yako yuko peke yake nyumbani na wageni, na mimi siwezi kuondoka hapa.

Mamangu wee, Hervé, kama amelala mwamshe. Msikubali atulie. Mvueni nguo, mfinyeni, mpakeni maji ya baridi, Odette akinichukia na anichukie. Usiniulize hali, usinipe pole ya baba yako. Niandikie neno moja tu, kwamba analia.

Mama yako