Pasipoti Saba Ndani ya Sanduku Lako

Baba yangu mpendwa,

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo nililofanya bila ruhusa yako. Nilikwenda mbele ya ndugu zako, kilio hakijaisha, nikaomba sanduku lako la chumbani lifunguliwe. Mtaani wameshalisimulia kwa namna yao. Mimi nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka asubuhi zetu za mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi? Ulipenda tukimbilie kule kwa sababu lami ni nzuri na saa zile magari ni machache. Wakimbiaji wako walikuwa mbele, wewe kwenye baiskeli, mimi nyuma yako nimeshika saa kwa mikono miwili. Siku moja mlinzi wa nyumba kubwa alituuliza, "Mwizi iko mbele ao nyuma?" Wewe hukusimama. Ulimjibu, "Iko ndani ya nyumba unachunga." Nilicheka hadi nikasahau kusoma saa, na Yaya Ngoie, mkimbiaji wako niliyemwita dada mkubwa, akalazimika kurudia mzunguko mzima. Hakununa. Alikwambia tu kwamba siku nyingine ubebe saa mwenyewe na mtoto abebe baiskeli.

Ulikuwa umefanya kazi ya karani wa reli miaka mingi, ukajua kwamba mtu mwenye miguu mizuri bado anahitaji karatasi nzuri. Vijana walikuja kwako kutoka Kipushi, mmoja kutoka Kasenga, wakiwa na viatu vya kuazima, bila kujua waandikie nani. Ulitafuta mashindano yanayokaribisha wageni. Mimi niliandika barua za Kifaransa, wewe ulizisoma kwa sauti, na palipokuwa na neno la kujisifu ulinifanya nianze upya. Kisha tulifanya mazoezi ya viza kwenye meza ya kulia. Mimi nilikuwa afisa. Nilimwuliza Yaya Ngoie kama kweli atarudi nyumbani baada ya mashindano, naye akasema, "Nitarudi. Niliacha sombe kwa moto." Ulikataza mzaha wa kisamvu jikoni, lakini niliona umefunika mdomo kwa kitambaa.

Pasipoti zao ulizitunza wewe. Nilielewa sababu. Katika nyumba zao wanalala wengi, mvua inaingia, watoto wanachora juu ya kila karatasi. Kijana mmoja wa Kipushi alikosa safari yake ya kwanza kwa sababu mdogo wake alichora nyumba na kuku juu ya ukurasa wa picha. Tangu hapo kila pasipoti ilikuja kwako, na hakuna aliyeona ubaya. Huku kwetu karatasi ya maana hukaa kwa mtu anayeaminiwa, na wewe uliaminiwa.

Lakini kuna siku nyingine pia, baba. Yaya Ngoie alikuja kuomba yake ili avuke mpaka wa Kasumbalesa, aende Zambia kununua unga wa kuuza. Ulimwambia hapana, atachosha miguu kabla ya mashindano. Ulisema kwa upole, hata ukampa chai. Aliinywa yote, akashukuru, akaenda. Nilikuwa naosha vikombe. Sasa naona nilipaswa kusema kitu.

Ulipofariki, Baba Mukubwa, kaka yako, alichukua ufunguo wa sanduku, kama desturi inavyotaka. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka kilio kiishe na ukoo ukutane. Siku ya tisa Yaya Ngoie alikuja. Aliketi na wanawake, akalia kama binti wa nyumba, kisha akaninong'oneza kwamba mashindano ya Ulaya yamemkubali, na kwamba Ijumaa ana miadi ya viza Kinshasa. Ilikuwa Jumanne. Hakuthubutu kuwauliza wazee. Alisema hawezi kudai kitu mahali pa msiba.

Niliwaza usiku kucha, na asubuhi nikapiga magoti mbele ya Baba Mukubwa. Aliniuliza nani amenituma. Nilijibu kwamba hakuna.

"Bintu ya marehemu haiguswe mbele kilio haiyaisha," alisema. "Nikifungua leo, kesho batasema nilikula mali ya mudogo wangu."

Sikumwona mbaya. Aliogopa jina lake lisichafuke. Nikamwambia, "Baba Mukubwa, ile pasipoti haiko ya baba. Iko ya Yaya Ngoie. Baba alichunga tu."

Aliugeuzageuza ufunguo mkononi. Shangazi ndiye aliyesema sanduku litolewe uani, lifunguliwe mbele ya wote. Likatolewa. Watu walisogea, wengine kwa huzuni, wengine kwa sababu walidhani wataona pesa. Ndani mlikuwa na shati lako la Jumapili, barua zetu, na mfuko wa plastiki wenye pasipoti saba, kila moja na jina kwenye kikaratasi nilichoandika mimi. Shangazi akashangaa kama ndiyo hiyo tu: "Njo ile mali tunachunga siku tisa?" Baba Mukubwa alicheka kwanza, kisha akalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia.

Alinipa mfuko wote. Alisema mimi nimesoma, nitatunza kama ulivyotunza. Na Yaya Ngoie naye, nilipompa yake, aliitazama picha yake, akanirudishia. "Kamata wewe mpaka siku naenda," alisema. "Nikitoka Kinshasa nitakuletea tena. Kwetu itaharibika."

Baba, nilikataa. Nilimpa mfuko mgumu wa plastiki, nikamwonyesha jinsi ya kuufunga maji yasiingie. Nikamwambia ni yake, akitaka kuvuka Kasumbalesa avuke. Wale wengine sita nimewaita mmoja mmoja na kila mtu ameondoka na ya kwake. Kijana wa Kasenga aliniuliza kama namrudishia kwa sababu nimemkasirikia. Nilimwambia hapana.

Sikukukasirikia wewe pia. Ulitunza vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ila ulisahau kwamba wewe nawe ungeondoka.

Viza alipata. Alisafiri juzi, na Jumapili atakimbia kati ya watu ambao hawajui Lubumbashi iko wapi. Barua ya kumwombea nafasi ile niliiandika mimi peke yangu, wewe ukiwa hospitali, na hukupata nafasi ya kuisoma. Nadhani ina neno moja la kujisifu. Nililiacha lilipo. Wiki hii nimeanza barua ya kijana wa Kasenga.

Pumzika, baba. Mama anakusalimu, nami nakuombea kila jioni.

Binti yako wa pekee