Karatasi ya Kufungia Samaki

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Kirumba tu wazima, mjomba wako kapata mtoto wa kike. Sijui wewe huko Dodoma unakula vizuri?

Umeniuliza, mimi niliyeishia darasa la nne, nilianza lini kupenda kusoma. Basi sikia! Nilikuwa msichana, nauza sato wa kukaanga na dada yangu, tunachana kitabu kikuukuu kufungia samaki. Siku hiyo nikasoma ukurasa mmoja: binti anavuka mto uliofurika, kamba ikakatika... ukurasa ukaishia hapo! Unaofuata nilishamfungia mama mmoja samaki wake, kaondoka nao. Nikamkimbilia mpaka barabarani.

“Mama, naomba hiyo karatasi!”

“We binti, umenipa mkia mtupu, sasa unataka na karatasi?”

Nilipomweleza, akamshika samaki mkononi, akanipa karatasi inachuruzika mafuta. “Haya, soma kwa sauti na mimi nisikie.”

Nikasoma huku nahema. Binti kadaka mzizi, katoka! Tulipiga vigelegele, watu wakatushangaa.

“Sasa nyumbani walimpokeaje?” akauliza.

Hilo lilikuwa kwenye ukurasa uliofuata, uliobaki kwa dada. Tukarudi mbio sote wawili, kabla dada hajamfungia mtu mwingine samaki.

Bibi yako anayekuwazia kila siku.