Ng'ambo ya Posto

Baba mpendwa,

Nimehamishiwa Makambako, kuwa mtendaji wa kata. Watu wa hapa wakiniuliza kwetu ni wapi, nawaambia Yakobi, mama Mbena, baba Mnyasa wa Msumbiji. Kisha wanataka kujua ilikuwaje ukafika mbali hivyo. Jana nililijibu swali hilo mbele ya mkutano mzima, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka nilivyokuja shambani na zoezi la historia, utawala wa Wareno? Ulikuwa unapanda viazi, ukanifundisha kwa matuta. "Shamba lote hili ni la gavana," ulisema. "Kipande kile ni cha administradori, mkuu wa wilaya yao. Ndani ya kipande chake kuna posto kadhaa, kama matuta haya, na kila posto ina shefu, Mreno wa kuitawala. Chini ya shefu kuna regulo, mtu mweusi mwenzetu, ila wamemweka wao, awakusanyie kodi na watu wa kazi." Nikauliza ninyi mlikuwa tuta gani. Ukanyoosha jembe kwenye mfereji.

Siku hiyo ndipo uliponisimulia habari za bibi, mama yako. Aliugua akiwa kwa dada yako, ng'ambo ya kijito tu, lakini kule ilikuwa posto nyingine, na kuvuka kulihitaji ruhusa ya shefu. Ulishinda barazani kwake. Kila alipopita alisema subiri. Ulipopewa ruhusa, bibi alikuwa ameshazikwa. Hukukaa sana baada ya hapo. Ulivuka Ruvuma ungali kijana, ukaja huku kwenye baridi, ukampata mama.

Nilidhani hayo yamekwisha. Halafu kitongoji chetu kikagawanywa. Barabara ikawa mpaka, kanisa likaangukia upande wa pili. Jumapili iliyofuata ulivaa koti, ukakaa kwenye kigoda, hukuinuka.

"Baba Neema, tunachelewa ibada," mama alisema.

"Mwenyekiti wa upande ule hajaniruhusu."

Mama alicheka, akidhani ni utani wako. Mimi niliutazama uso wako, nikatoka mbio kwenda kumwita yule mwenyekiti mpya, mwanamke. Alikuja amevaa mabuti ya shambani, na wala hakucheka.

"Kamwene, baba. Mimi sikuwekwa pale kumzuia mtu. Nipo ili mkipata shida mjue pa kubisha."

"Na nikipita bila kukuambia?"

"Utanikuta nalima, tutasalimiana."

Ukasimama. Tulivuka barabara pamoja, umenishika mkono ingawa nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa. Uliuachia kanisani, katikati ya wimbo wa kwanza. Nilitaka kazi ya yule mwenyekiti tangu siku hiyo, na nimeipata, tena kubwa zaidi.

Sasa mtaa mmoja kwenye kata yangu unagawanywa. Jana nilisoma mipaka mipya mkutanoni, na bibi mmoja akainua mkono.

"Mwanangu, mjukuu wangu anabaki upande ule. Nikitaka kwenda kumwona, nianzie ofisi gani?"

Vijana waliangua kicheko. Nikawaomba wanyamaze, nikawaeleza habari zako: posto yako, shefu wako, mama yako aliyezikwa bila wewe kuwepo. Yule bibi nikamwambia, "Mipaka hii ni yetu sisi wa ofisini, tujue nani awahudumie. Wewe usianzie ofisi yoyote. Anzia mlangoni kwako, uende kwa mjukuu wako."

Aliitikia kwa kichwa, akafunga vizuri mtandio wake. Kijana aliyecheka kuliko wote akahama kwenye benchi, akaenda kukaa karibu naye. Nikaendelea kusoma.

Baba, zamani nilikuonea huruma kwa yale uliyoyabeba. Leo nayatumia kazini. Kazi hii naiweza. Mama hajambo, viazi vimekubali mwaka huu, na Jumapili nitakuwa Yakobi kupalilia kaburini kwako.

Lala salama, baba yangu.

Binti yako,
Neema