Tone la Mwalimu Kwenye Yangben

Taplejung, 4 Kartik

Mwanangu Sirumma,

Kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, na nguruwe kanenepa.

Kuna mtu hapa, Subedi, anajiita mwalimu wako. Simwamini. Mzima na akili zake, anapiga magoti, kabandika jicho kwenye gome kama anachungulia nyumba ya watu. Anatafuta yangben, haya magamba yanayoota kwenye miti, tunayopikia nyama. Nikamwuliza, "Baba, una njaa?" Eti anataka kujua jina lake. Jina si nimeshamwambia?

Kisha akalidondoshea dawa gamba la mti wetu, likawa jekundu kama kidonda. Huyu anatuulia msitu, kesho wakubwa wake waje wauchukue.

Usihofu. Alipokwenda kuoga mtoni nikaimwaga dawa, nikamtilia maji chupani. Kapanda nayo mlimani.

Mama yako

Kathmandu, 19 Kartik

Mama, shikamoo. Kikohozi kimepona.

Barua yako ya mwezi huu sijaiona, labda iko njiani. Mwalimu ameniandikia: yangben ya juu mlimani haigeuki nyekundu kwa dawa yake. Ile ya kawaida hugeuka, kwa hiyo hii ya juu ni aina mpya, kama nilivyobisha miaka miwili wenzangu wakinicheka. Ataiandika kwa jina langu. Nimelia, Mama.

Mwanao Sirumma

Kathmandu, 2 Mangsir

Mama,

Hamjambo? Barua yako imefika. Mwalimu bado yuko huko. Kumbe alitonesha maji yako, na sijui nikuambie nini. Ukinyamaza, jina ni langu. Nami siwezi kukuomba unyamaze.

Sirumma

Taplejung, 11 Mangsir

Mwanangu,

Unakula?

Nilimwambia. Hakunifokea, na hilo likanitia shaka zaidi. Akanunua dawa nyingine kama ile sokoni, tukapanda pamoja, akanipa chupa: "Tonesha mwenyewe, Mama." Nikatonesha. Gamba likawa jekundu.

Akasema, "Basi ni ileile ya chini." Hapo nikakasirika. Nikamwambia, "Ileile vipi? Ya chini tunaifikicha kwa majivu, tunaichemsha, ndipo uchungu utoke. Hii bibi yake Sirumma aliitia chunguni hivihivi." Akanitazama kama mie ndiye mwongo. Akatafuna ya juu. Akatafuna ya chini, akatema, akanawa kinywa mara tatu.

Kisha akazitia zote mbili kwenye bahasha, mbalimbali, akasema tone lake halijui kila kitu. Jina hakuahidi. Kasema tu uje mwenyewe, na ulimi wako.

Bado simwamini sana. Lakini njoo.

Mama yako