Filimbi ya Salongo

Mujukuu wangu Ngalula,

Amani ikae na wewe kule Kisangani. Huku Kindu tuko wazima. Mama yako mudogo amezaa mutoto mwanamuke, njo huyu analia nikiandika. Swali lako limenifurahisha mpaka nimesahau chungu cha sombe kwenye moto: kama Mungu alikwisha kuchagua watu wake mbele ya kuzaliwa, sisi tunachagua nini?

Wakati wa Zaire, swali hilo lilichemsha nyumba yetu. Baba yangu, fundi wa reli, alisema Mungu alikwisha kupanga yote. Rafiki yake katekista alikataa: muntu iko huru. Jumamosi moja walibishana kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya chama, tukifyeka njia ya mutaa wa Mikelenge. Nilitamani sana kuona nani atashinda.

Filimbi ya kumaliza ikalia. Katekista akabeba panga yake, akacheka: "Sasa tuko huru." Baba akaendelea kufyeka kuelekea kwa Mama Zaina, mujane Muislamu, ambaye majani yalikuwa yamemufungia mulango.

Katekista akamuuliza: "Ndugu, nani anakulazimisha?"

"Hakuna."

Watu wakashangilia: amejishinda mwenyewe kwa maneno yake. Baba akainua kichwa, jasho linamutoka.

"Hakuna muntu. Lakini kuacha, siwezi."

 Katekista akarudi, akainama pembeni yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbia kuchukua panga ya mama, na mpaka leo sijui kama niliamua.

Koko yako, anayekupenda, na kuacha hawezi.