Chumba cha Buluu

Jumatano usiku, Mkomaindo.

Hata sasa siamini. Chumba hiki nilipokipanga kilijaa masizi, ukiegemea ukuta unatoka mweusi kama popo. Nikachanganya chokaa na buluu ya kufulia, nikapaka peke yangu. Sasa nzi wakitua ukutani wanateleza. Masasi nzima nimeitangazia.

Leo mwenye nyumba, Mama Yohana, kaja kutazama. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anapapasa ukuta.

"Baba Anna, hapa pamependeza. Yohana wangu anaoa, atakaa humu. Kodi yako inaisha Ijumaa, sichukui nyingine."

Nikadhani utani. Nikamwambia mke wangu anahama kutoka kijijini Mnyambe Jumamosi, anakuja tuishi wote.

"Kile cha uani kipo wazi," akasema. "Kina masizi, lakini wewe si fundi? Kila siku unajisifu gengeni."

Mimi, mtu wa maneno, nikashika kitasa, nikamfungulia mlango atoke.

Jioni Mama Anna kapiga simu. "Hiyo rangi ya buluu ipo kweli, au ndiyo maneno yako yale?"

Nikamwambia ipo. Na safari hii sikuongeza chumvi hata punje, ila akifika sina cha kumwonyesha.